Mwendo wa Mgonjwa wa MS: Jinsi Unavyopimwa, na Kwa Nini Kila Anguko Linafaa Kuandikwa

Mtu akianguka sokoni mara ya kwanza, watu humwinua na kumpangusa vumbi. Akianguka mara ya tatu, minong'ono huanza kwamba amelewa. Minong'ono hiyo inaweza kumfuata mtu anayeishi na ugonjwa wa multipali skilerosisi hadi kazini, kanisani au msikitini, na hata nyumbani kwake, kabla daktari yeyote hajamweleza anaugua nini.

Ugonjwa huu, ambao hospitalini hutajwa kwa herufi mbili tu, MS, hauambukizi wala hautokani na kurogwa. Hutokea pale kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inapogeuka na kushambulia ubongo, uti wa mgongo na neva za macho za mwenyewe. Neva hizo zimefunikwa kwa utando wenye mafuta uitwao mielini, mfano wa plastiki inayofunika waya wa stima. Utando huo ukichunika, ujumbe unaotoka kwenye ubongo kwenda mguuni huchelewa, hufika nusu au haufiki kabisa. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot ndiye aliyeueleza na kuupa jina kama ugonjwa unaojitegemea, mwaka 1868. Mara nyingi huanza mtu akiwa na umri wa kati ya miaka 20 na 40, yaani wakati wa kulea watoto na kujenga kazi, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume.

MS huonekana zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta, kama vile za kaskazini mwa Ulaya na Kanada. Huku Kenya ni nadra, na kwa sababu ni nadra, wengi huchelewa kutambuliwa. Mguu unaoburuta hudhaniwa kuwa kiharusi, ganzi hudhaniwa kuwa kisukari, na uchovu hudhaniwa kuwa uvivu. Hata baada ya mashine ya MRI kutoa jibu, swali linalobaki ni la kila siku: mtu huyu anatembea vipi, na ataanguka lini?

Swali hilo lina majibu, na mengi yake hayahitaji mashine ya bei ghali. Yanahitaji kiti, saa, chaki na mtu anayejua cha kuangalia.

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, mwenye umri wa miaka 34, ambaye ameishi na MS kwa miaka minne. Kila akienda kliniki huulizwa, "Mwalimu, unaendeleaje?" Naye hujibu, "Naendelea vizuri, daktari." Hadanganyi. Ameingia kwa miguu yake, ameketi, ametabasamu. Asichosema ni kwamba mwezi uliopita alianguka mara tatu: mara moja usiku akiharakisha kwenda chooni, mara moja darasani alipogeuka ghafla baada ya mtoto kumwita, na mara moja akishuka kutoka kwa matatu. Hakusema kwa sababu hakuvunjika mfupa, kwa sababu aliona aibu, na kwa sababu hakuna aliyemuuliza hasa kuhusu kuanguka.

Maswali kabla ya saa

Ndiyo maana kipimo cha kwanza cha hatari ya kuanguka ni swali. Aliyewahi kuanguka karibuni ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka tena, na wataalamu wa fiziotherapia huanzia hapo. Lakini swali lenyewe lazima liulizwe sawasawa. Ukimuuliza mtu, "Umeanguka?", wengi hufikiria anguko la kutoka damu na kupelekwa hospitali. Kwa mtaalamu, kuanguka ni tukio lolote ambalo mtu hujikuta chini, sakafuni au mahali pa chini zaidi bila kukusudia, hata kama aliinuka papo hapo akicheka. Aliyejikuta amekalia kitanda bila kutaka ameanguka. Aliyeteleza ukutani hadi chini ameanguka pia.

Kisha huulizwa kuhusu kuponea chupuchupu: mara ngapi umeyumba ukashika meza, ukuta au bega la mtu? Hili ndilo swali ambalo familia huweza kulijibu vizuri kuliko mgonjwa mwenyewe. Mume, dada au mtoto mkubwa ndiye anayeona alama za vidole ukutani kwenye njia ya kwenda jikoni.

Tatizo ni kwamba kumbukumbu ya maanguko hufutika upesi. Kwa sababu hiyo watafiti huwapa washiriki kalenda au daftari, wakaandika kila siku badala ya kungoja kukumbuka baada ya miezi. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya takwimu za namna hiyo kutoka Australia, Uswidi, Uingereza na Marekani, kwa watu 537 wenye MS. Katika muda wa miezi 3 tu, asilimia 56 walikuwa wameanguka angalau mara moja, na asilimia 37 walikuwa wameanguka zaidi ya mara moja. Hawa walikuwa watu walioweza kutembea.

Daftari la shule la kurasa chache linatosha. Kwa kila anguko, andika tarehe, saa, mahali, ulichokuwa ukifanya, ulichovaa miguuni, na kama uliumia. Baada ya wiki sita au nane, mambo huanza kujipanga yenyewe: kumbe maanguko mengi ni ya saa tisa alasiri, au ni ya usiku, au ni pale penye kizingiti kati ya sebule na jikoni. Tafiti zimeonyesha kuwa watu wenye MS huanguka mara nyingi nyumbani, wakifanya mambo ya kawaida kabisa kama kuinuka, kugeuka na kubeba kitu. Barabara mbovu hulaumiwa sana, na mara nyingine ni haki yake, lakini adui mkubwa huwa ndani ya nyumba.

Mita saba na nusu

Baada ya maswali huja saa. Kipimo kinachotumika zaidi duniani kwa mwendo wa watu wenye MS ni kutembea futi 25, ambazo ni mita 7.62. Kilibuniwa kwa vipimo vya Kimarekani, ndiyo sababu ya nambari hiyo isiyo na mvuto. Umbali huo ni kama urefu wa darasa moja.

Mstari huchorwa mwanzoni na mwingine mwishoni. Mgonjwa husimama nyuma ya mstari wa kwanza, kisha huambiwa atembee haraka kadiri awezavyo bila kujihatarisha, na asipunguze mwendo kabla ya kuvuka mstari wa pili. Anayetumia fimbo au fremu huitumia. Saa huanza mguu unapoinuka na kusimama mguu unapovuka. Hurudiwa mara ya pili, na wastani wa mara mbili hizo ndio huandikwa.

Tuseme yule mwalimu alitumia sekunde 5.5 mwezi wa Januari. Mwezi wa Julai ametumia sekunde 7. Kwa macho, hakuna anayeweza kuona tofauti ya sekunde moja na nusu, na yeye mwenyewe atasema hajabadilika. Lakini muda wake umeongezeka kwa zaidi ya robo. Wataalamu huchukulia mabadiliko ya asilimia 20 kuwa ya kweli, si ya bahati wala ya kuamka vibaya siku hiyo. Kwa mwalimu huyu, asilimia 20 ingefikiwa kwenye sekunde 6.6. Amepita hapo, na daktari ana sababu ya kuuliza ikiwa ugonjwa umesonga mbele au dawa zake zinahitaji kuangaliwa upya.

Sekunde hizo zina uzito nje ya hospitali pia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulilinganisha muda wa kutembea futi 25 na maisha halisi ya wagonjwa. Waliotumia sekunde 6 au zaidi walielekea kuwa wamelazimika kubadilisha kazi kwa sababu ya MS, wanatumia fimbo, au wanahitaji msaada kwa baadhi ya kazi za nyumbani. Waliofika sekunde 8 au zaidi walielekea kutumia fremu ya kutembelea na kushindwa kufanya shughuli nyingi za kujitegemea. Kwa hivyo mwalimu anayetoka sekunde 5.5 hadi 7 yuko pale ambapo mazungumzo na mwalimu mkuu kuhusu darasa la ghorofa ya chini yanafaa kuanza, kabla hajaanguka kwenye ngazi mbele ya wanafunzi.

Kipimo hicho hicho ndicho kilichoamua hatima ya dawa. Fampridini, dawa ya vidonge iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2010 ili kuboresha mwendo wa watu wenye MS, ilipitishwa kwa sababu baadhi ya wagonjwa walioitumia walitembea futi 25 kwa kasi zaidi. Si wote waliofaidika, na kwa watu wenye historia ya kifafa haifai kabisa, maana inaweza kuleta degedege. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari bingwa wa neva, si ya kuagizwa kupitia kwa jamaa aliye ng'ambo.

Inuka, nenda, geuka, rudi, keti

Kutembea moja kwa moja ni rahisi kuliko maisha. Maisha yana viti vya kuinukia na kona za kugeukia, na hapo ndipo wengi huanguka. Kipimo cha pili kiliundwa kwa ajili ya wazee, kikachapishwa mwaka 1991, na sasa hutumika sana kwa MS. Mtu huketi kwenye kiti imara chenye pa kuwekea mikono. Akiambiwa "nenda", huinuka, hutembea mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, hugeuka, hurudi na kuketi. Saa husimama mgongo unapogusa kiti.

Katika utafiti mmoja wa mwaka 2000 kuhusu wazee wanaoishi majumbani mwao, sekunde 13.5 ndizo zilizotenganisha vyema waliokuwa wakianguka na wasioanguka. Nambari hiyo ni ya wazee, na haifai kuchukuliwa kama hukumu kwa mtu wa miaka 34. Mtaalamu mzuri hatazami saa peke yake. Anaangalia kama mgonjwa aliinuka kwa jaribio moja au alijisukuma kwa mikono. Anaangalia idadi ya hatua za kugeuka, kwa sababu mtu anayegeuka kwa vihatua vidogo vingi, au anayegeukia upande mmoja tu, tayari ameeleza mguu upi haumwamini. Anaangalia vidole vya mguu kama vinakwaruza sakafu. Mwisho anaangalia kuketi: je, alijishusha, au alijitupa?

Baadaye kipimo hicho hurudiwa mgonjwa akiwa na kazi ya pili. Anaweza kuambiwa abebe glasi iliyojaa maji, au ahesabu kurudi nyuma kwa tatutatu kuanzia mia: tisini na saba, tisini na nne, tisini na moja. Hapa ndipo mambo hufichuka. Mtu mwenye afya hutembea bila kufikiria. Mwenye MS mara nyingi hutembea kwa akili. Kila hatua inasimamiwa. Akili ikipewa kazi nyingine, miguu hubaki bila msimamizi. Wengine hupunguza mwendo mno, wengine husimama kabisa ili wajibu, na wengine huyumba. Ndiyo maana mwalimu wetu alianguka alipoitwa na mtoto, na ndiyo maana simu ikilia jikoni ni hatari kuliko ndoo ya maji.

Vipimo virefu zaidi vipo. Kipimo cha usawa cha Berg, kilichotoka Kanada mwishoni mwa miaka ya 1980, kina majaribio 14, kuanzia kusimama umefumba macho hadi kusimama kwa mguu mmoja. Kila jaribio hupewa alama 0 hadi 4, jumla ikiwa 56. Ni kizuri kwa aliyelemewa, lakini kwa mgonjwa wa MS ambaye bado ana nguvu kinaweza kudanganya: hupata alama za juu asubuhi na kuanguka jioni. Kipimo cha kutembea kwa dakika 6 huonyesha jambo tofauti, yaani jinsi miguu inavyochoka. Mgonjwa anaweza kuanza vizuri, na kufikia dakika ya 5 mguu mmoja ukawa unaburutwa. Aliyepimwa kwa mita 7 pekee angerudishwa nyumbani akiambiwa hana shida, ilhali soko liko umbali wa nusu kilomita.

Mgonjwa anaweza pia kusikia daktari akitaja alama ya EDSS. Ni ngazi ya 0 hadi 10 iliyochapishwa na daktari Mmarekani John Kurtzke mwaka 1983, na sehemu yake ya kati hutegemea sana mwendo. Alama ya 4 ni ya mtu anayeweza kutembea kama mita 500 bila msaada wala kupumzika. Alama ya 6 ni ya anayehitaji fimbo au gongo moja ili afike mita 100. Alama ya 7 ni ya asiyeweza kupita mita 5 hata akisaidiwa, na ambaye hutumia kiti cha magurudumu. La kushangaza ni kwamba, katika ule uchambuzi wa nchi nne, hatari ya kuanguka haikupanda sawasawa pamoja na ugonjwa. Ilipanda zaidi kwenye alama ya 4 na ya 6, yaani mtu anapoanza kupoteza mwendo mrefu, na tena anapoanza kutegemea fimbo. Katika vipindi hivyo miguu imebadilika lakini mazoea bado ni yale ya zamani. Mtu bado anapanda kiti kufikia rafu.

Joto la saa nane

Kipo kitu ambacho vitabu vingi vya Ulaya hukitaja kwa ufupi na ambacho Mkenya wa Garissa, Turkana, Tana River au Mombasa anapaswa kukijua vizuri. Mwaka 1890 daktari Mjerumani Wilhelm Uhthoff alieleza wagonjwa ambao macho yao yalififia baada ya mazoezi. Baadaye ilibainika kuwa joto la mwili ndilo lililosababisha. Neva iliyopoteza mielini hupitisha ujumbe kwa shida zaidi mwili unapopata joto, hata kwa nusu digrii. Mtu anayetembea vizuri saa mbili asubuhi anaweza kushindwa kuvuka barabara saa nane mchana, kisha akarudi hali yake baada ya kupoa. Ugonjwa wenyewe haujazidi. Waya zimepata joto tu. Homa ya malaria au maambukizi ya njia ya mkojo huleta hali hiyo hiyo, na mgonjwa anayedhoofika ghafla anafaa kupimwa homa na mkojo kwanza.

Hili lina maana kubwa kwa upimaji. Matokeo ya Januari saa tatu asubuhi hayalinganishwi na ya Julai saa nane mchana baada ya mgonjwa kusafiri saa mbili ndani ya matatu iliyojaa. Saa ya kipimo, hali ya joto na kama mgonjwa alipumzika vinafaa kuandikwa kando ya sekunde. Mgonjwa mwenyewe anaweza kuomba hivyo. Kitambaa kilicholowekwa maji baridi shingoni, maji ya kunywa na kufanya kazi nzito mapema asubuhi ni mambo madogo yanayosaidia wengi.

Matokeo yakishapatikana

Upimaji ambao haubadilishi chochote ni kumchosha mgonjwa bure. Kila kasoro iliyoonekana inafaa kuelekeza kwenye hatua fulani. Vidole vya mguu vinavyokwaruza vinaweza kusaidiwa na kishikio cha plastiki kinachovaliwa ndani ya kiatu ili kuinua kifundo. Misuli iliyokakamaa huhitaji kunyooshwa kila siku, na wakati mwingine dawa kama baklofeni, ingawa dawa hiyo ikizidi hulegeza hata misuli iliyokuwa ikimsimamisha mtu. Aliyepoteza hisia kwenye nyayo hutegemea macho ili asimame. Gizani huwa hana kitu, kwa hivyo kwake taa ya usiku ni sehemu ya matibabu. Anayekimbilia choo kwa sababu hawezi kuzuia mkojo anahitaji kutibiwa kibofu, na hiyo inaweza kupunguza maanguko ya usiku kuliko zoezi lolote la miguu.

Fimbo nayo hukosewa sana. Wengi huishika upande wa mguu mbaya. Inapaswa kushikwa mkono wa upande wa pili, isogee mbele pamoja na mguu dhaifu. Urefu wake, mtu akisimama wima na viatu vyake vya kawaida, mkono ukining'inia, ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Fimbo ya babu iliyo ndefu mno humpandisha bega na kumwondolea usawa. Ncha ya chini iwe na raba, nayo ibadilishwe ikilika.

Nyumbani, daftari la maanguko ndilo linaloonyesha pa kuanzia. Mkeka unaokunjika ncha huondolewa au hugongomelewa. Chuma cha kushikia au hata nguzo imara ya mbao huwekwa kando ya choo cha shimo, na njia ya kwenda huko husawazishwa. Kandambili, zinazopendwa na kila nyumba, ni mbaya kwa mguu usioinuka vizuri. Kiatu chenye kamba au mkanda wa nyuma ni salama zaidi. Mazoezi ya usawa na nguvu yakifundishwa na mtaalamu hupunguza hatari, ila yafanyike karibu na meza nzito au ukuta.

Familia inayotaka kurudia kipimo cha kuinuka na kwenda nyumbani inaweza kufanya hivyo baada ya kuonyeshwa na mtaalamu. Kiti kiegemee ukuta kisiteleze. Mita 3 zipimwe kwa futi ya fundi na kuwekwa alama ya chaki. Mtu mwenye nguvu atembee kando ya mgonjwa, nyuma kidogo, upande wa mguu dhaifu, akiwa tayari kumshika kiunoni na si kumvuta mkono. Mgonjwa akiwa na homa, kizunguzungu au uchovu mwingi, kipimo kiahirishwe.

Akianguka, asiinuliwe kwa pupa. Aachwe atulie kwanza, aulizwe panapouma. Nyonga au mgongo ukiuma sana, au kichwa kikiwa kimegongwa, asisogezwe hadi msaada wa kitabibu ufike. Waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu wana mifupa dhaifu zaidi, na anguko dogo linaweza kuvunja mfupa.

Si kila anayeyumba ana MS

Mkazi anayesoma haya na kumkumbuka jirani yake asikimbilie kumpa jina la ugonjwa. Huku Kenya, kisukari kilichoharibu neva, kiharusi, kifua kikuu cha uti wa mgongo na upungufu wa vitamini B12 ni sababu za kawaida zaidi za kuyumba, na baadhi yake hutibika kabisa zikigunduliwa mapema. Mguu unaokufa ganzi, kuona ukungu au kuona vitu viwili viwili, au kuanguka bila sababu mara mbili ndani ya miezi michache kunatosha kumpeleka mtu kituo cha afya na kuomba rufaa. Mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kaya ni mtu mzuri wa kuanza naye, na swali lake linaweza kuwa lile lile: "Mama, tangu nilipokuja mara ya mwisho, umejikuta chini mara ngapi?"

Siku ya kutathminiwa

Mwenye MS anayetaka kuandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hutathminiwa kwanza na jopo la madaktari katika hospitali iliyoidhinishwa. Hapa hali ya MS ya kupanda na kushuka huweza kumponza. Akifika asubuhi ya baridi, amelala vizuri, atatembea mbele ya jopo kama mtu asiye na tatizo. Jopo huandika linachoona.

Kwa hivyo asiende mikono mitupu. Aende na daftari la maanguko, matokeo ya vipimo vya kutembea yaliyosainiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, ikiwezekana ya asubuhi na ya alasiri, barua ya daktari wake na picha za MRI kama anazo. Aandamane na mtu anayeishi naye, ambaye ameona anavyotembea jioni. Na avae viatu anavyovaa kila siku, abebe fimbo yake ya kila siku. Wapo wanaoiacha fimbo nyumbani siku hiyo kwa kuona haya, au wanaoshikilia ukuta wa ukumbi hadi mlangoni kisha wakajikaza kwa hatua kumi za mwisho. Hatua hizo kumi ndizo jopo litakazoandika.